Mnara wa Alasiri

Vumbi lilikuwa linacheza ndani ya mwanga. Mwanga uliingia kwa dirisha la chumba cha kupimia, ukakata meza vipande viwili, na ndani yake vumbi likapanda, likashuka, likageuka, likasahau lilikokuwa linakwenda. Chembe moja iliwaka ikazimika. Nyingine iliwaka pale ambapo hakuna aliyekuwa anatazama. Ipi itaanguka sasa? Haijulikani. Ipi itafuata? Haijulikani. Nusu itaanguka, nusu itabaki hewani. Ipi na ipi, usiulize.

Mpimaji alikuwa ameketi mbele ya vumbi hilo, kidevu kiganjani, akijifanya yuko kazini. Jengo zima lilimwita hivyo, Mpimaji, kwa sababu hata sukari ya chai aliitia huku ameinama, jicho moja limefumbwa, usawa wa kijiko. Ukimpa keki aikate, wageni wanasinzia. Ukimwuliza saa ngapi, anakuuliza kwanza unataka kwa usahihi gani.

Kazi yake ilikuwa dhahabu.

Usimwonee wivu. Dhahabu yake haikuvalika, haikuuzika, haikuonekana. Ilizaliwa kwenye mashine kubwa ya jengo la pili, ikapita kwenye bomba lisilo na hewa, ikatua chembe kwa chembe juu ya utepe mwembamba mfano wa ule wa kaseti, na utepe ukaisogeza mpaka mbele ya vitambuzi. Na ilikuwa dhahabu nzito, nzito kuliko ile ya pete na hereni, imeshiba nyutroni mpaka kooni. Kitu kilichoshiba namna ile hakitulii. Ndani kabisa, kwenye kiini, nyutroni moja inachoka kuwa nyutroni. Inageuka protoni. Na katika kugeuka inatupa elektroni, kwa kasi, kama mtu anayerusha ndala zake apate kukimbia vizuri. Elektroni hiyo ndiyo beta. Na dhahabu, kwa kuongezewa protoni moja tu, si dhahabu tena. Ni zebaki. Dakika haijatimia: ilikuwa dhahabu, imekuwa zebaki, wala haikuaga.

Mpimaji alitaka kujua jambo moja: nusu ya dhahabu ile inachukua muda gani kugeuka. Si chembe hii, si chembe ile. Chembe moja haina adabu. Inaweza kugeuka sasa hivi, inaweza kukukalisha hapo mpaka miguu ife ganzi. Lakini zikiwa nyingi, zinatii. Hilo lilimchanganya tangu shuleni na lilikuwa linamchanganya bado: kila mmoja hajui aendako, na wote pamoja wanafika kwa wakati.

Mashine kubwa kundi lao lilikuwa limeipata kwa kupanga foleni, na zamu yao ikiisha imeisha. Kipimo kikitoka safi, kulikuwa na kazi inamngoja mbali, nchi nyingine, kwenye mashine kubwa zaidi ya hii. Kikitoka kichafu, basi tena. Lakini hilo silo lililokuwa linamkosesha usingizi. Lililomkosesha usingizi ni baba yake, ambaye alikuwa ameacha kukaa naye karibu, na hakusema kwa nini.

Baba yake alikuwa refa. Alishastaafu, ila mwili ulikuwa haujapewa taarifa. Mtu akikatiza foleni dukani, mkono wa Refa unakwenda mfuko wa kifuani kutafuta kadi. Mkewe akizidisha chumvi, anapewa onyo la kwanza. Mbwa wawili wakigombana barabarani, Refa anasimama, anatazama, anaamua, na anaondoka kinyumenyume, maana uwanjani mgongo hauonyeshwi.

Kila alasiri alikuwa anakuja kumchukua binti yake kwa gari lake la zamani, lile linalokohoa kabla ya kuwaka. Zamani, kabla ya haya, alikuwa anaingia mpaka ndani. Anavuta kiti, anakunywa chai na Barafu, fundi wa kupoza vyombo, na anaidhihaki dhahabu. Mnatengeneza dhahabu mchana kutwa, anasema, na kikombe chenyewe hakina mkono. Barafu anacheka mpaka glavu zinamtoka. Mpimaji anaona aibu, anaona raha, hajui kipi kimetangulia.

Sasa haingii. Sasa analiegesha gari ukutani, chini ya dirisha la chumba cha kupimia, anateremsha kofia usoni, anangoja. Binti akitoka na kushika kitasa cha mlango wa mbele, kidole cha Refa kinaelekeza nyuma. Nyuma, kona ya mbali, kama bosi. Na vioo vyote wazi, upepo unawapiga mpaka nyumbani.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Sahani yake peke yake. Kikombe chake peke yake. Analala chumba cha uani, kile cha mabegi na feni mbovu. Binti akija kuketi naye kwenye kochi, kama siku zote, miguu juu, kichwa begani, Refa anainuka kama kochi limemng'ata. Akamwuliza mama yake. Mama akasema ni mafua. Mafua gani haya, yasiyo na chafya? Mama akasema kila mtu na mafua yake, akaingia jikoni, akafungulia maji ya bomba kwa nguvu zote, na maji yale yakamaliza mazungumzo.

Mpimaji akafanya alichozoea kufanya: akapanga mambo kwa mfuatano. Kwanza, alimwambia baba yake kuhusu kazi ya mbali. Pili, baba yake alipuliza chai, chai iliyokwisha kupoa. Tatu, Refa akaaga kwamba anakwenda semina ya marefa wastaafu, mji wa pili. Nne, akarudi. Na tangu aliporudi, umbali.

Hesabu ikatoka moja: amenikasirikia. Ninamwacha, naye ameanza kuniacha kabla.

Lakini hesabu ile ilikuwa na kasoro, na kasoro ilimwasha kama uzi kwenye kola. Refa alirudi kutoka semina bila umbea. Hata mmoja. Marefa wastaafu ukumbi mzima, na asirudi na habari ya nani amenenepa, nani amenyolewa vibaya, nani bado anadai ile penati ilikuwa halali? Haiwezekani. Akageuza hesabu juu chini. Haikukaa. Akaigeuza tena. Haikukaa.

Nusu ya baba yake ilikuwa imebaki na nusu imekwenda. Ipi na ipi, hakujua.

Basi ilikuwa ndani ya siku hizo hizo za vioo wazi ndipo mnara ulipojitokeza.

Sikiliza, jambo lenyewe ni jepesi. Dhahabu ikishatupa beta na kuwa zebaki, zebaki ile changa inabaki inatetemeka, kama mtu aliyeshuka ngazi akidhani bado kuna kidato. Ili itulie inatoa mwale. Mwale unaingia kwenye fuwele, kipande kizito kinachong'aa, ambacho Barafu hukipoza kwa hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, inayofuka moshi mweupe kwenye ndoo. Fuwele inapima nguvu ya mwale na kuituma kwenye skrini. Na kwa kuwa kila aina ya atomi ina miale yake, isiyoazimwa wala kuazimishwa, kwenye skrini inajengeka minara, kila mnara na kiwanja chake. Mpimaji aliijua minara ya dhahabu yake jinsi mtu anavyojua vikohozi vya ndugu zake gizani. Huyu ni yule. Yule ni huyu.

Huu hakuujua.

Ulikuwa mwembamba, umesimama wima, kiwanja kisicho cha mtu. Asubuhi haupo. Mchana haupo. Alasiri, jua linapoingia dirishani na vumbi linapoanza kucheza, nao unaanza kuota.

Mkuu wa kundi lao alikuwa mtu mfupi waliyemwita Desimali, kwa sababu hakuweza kununua nyanya bila kutaja nukta. Alipouona mnara alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. Kisha akaanza kutembea chumbani kama mtu mwenye viatu vipya. Katika orodha zote za dhahabu, akasema, mnara huu haumo. Hakuna aliyewahi kuuona. Aliwaza kutangaza kabla ya juma kwisha, na akamwinamia Mpimaji na kumwambia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayekabidhi mtoto mchanga: "Dada, huu una jina lako."

Moyo wake ulipaa. Kisha ukashuka. Kisha ukabaki katikati, haujui uelekee wapi, maana alikuwa anatamani kumkimbilia mtu dirishani na kumwambia, na mtu mwenyewe yuko garini, amefunika uso kwa kofia.

Ndipo akaupima ukweli wa mnara. Mbele ya fuwele kulikuwa na kitambuzi kingine, ngozi nyembamba ya plastiki, kazi yake kuzigusa beta. Mwale wa dhahabu lazima uje na beta yake. Viwili vinapiga pamoja, kama viganja. Akaiambia kompyuta: nionyeshe miale iliyokuja na beta tu, mingine ifiche. Minara ya dhahabu ikabaki imesimama, yote, ikajivuna. Mnara mgeni ukatoweka. Haukuwa na beta. Ulikuja peke yake, kama mtu aliyejitokeza kwenye picha ya familia isiyo yake.

Desimali aliposikia, viatu vipya vikamchakaa palepale. Basi ni uchafu, akasema. Kuna aliyeingia na kitu.

Wakasafisha. Walifuta meza, vitasa, nyaya, viti, mpaka kalenda. Wakabadilisha makoti. Macho yakamwangukia Barafu, ambaye kwa desturi huzurura majengo yote, na Barafu akavuliwa viatu, akavuliwa soksi, na soksi zikawekwa mbele ya fuwele zikapimwa kwa muda mrefu kuliko dhahabu yenyewe ilivyowahi kupimwa. Soksi hazikuwa na hatia. Zilikuwa na makosa mengine, lakini si hayo. Barafu akazivaa bila kusema neno, na ukimya wake ulikuwa na harufu.

Asubuhi iliyofuata, kweupe, hakuna mnara. Wakapongezana, kana kwamba asubuhi uliwahi kuwapo. Alasiri ukarudi.

Lakini ulirudi mfupi. Mfupi kidogo tu, mtu mwingine asingeona. Mpimaji akaona. Akazipanga alasiri zote bega kwa bega, na minara ikasimama kama watoto kwenye foleni ya shule, kutoka mrefu hadi mfupi, bila hata mmoja kupitwa. Kitu kilikuwa kinapungua. Si kwa sekunde, kama dhahabu. Polepole, nusu yake kila juma linapokaribia kutimia. Huko nje ya hesabu zake kulikuwa na kitu kinachogeuka kwa ratiba yake, na kinakuja alasiri kwa alasiri kumwonyesha.

Akafungua jedwali la miale yote inayojulikana, si ya dhahabu tu, akateremka na kidole kwenye nguvu ile, na kidole kikasimama. Lutetiamu.

Lutetiamu? Hapa? Nayo ni nzito, nayo hutupa beta, lakini mashine yao haiitengenezi. Hakuna aliyeiomba. Akasoma maelezo. Hutengenezwa kwa ajili ya hospitali. Hufungwa kwenye dawa, dawa hutiwa kwenye mshipa, na dawa huzunguka mwilini ikitafuta uvimbe wa aina fulani. Ikiupata hukaa nao pale pale, ikautemea beta zake kutoka karibu kabisa, siku baada ya siku, hadi ziishe; beta hizo haziendi mbali, huishia mwilini, mwale tu ndio hutoka nje. Ugonjwa wenyewe nao ulitajwa, wa wanaume, wanaume watu wazima hasa, ule ambao wanaume hawausemi mbele ya mabinti zao.

Aliusoma kama unavyosoma habari za watu wengine. Akafunga jedwali. Akafikiri: gari la hospitali linapita barabarani. Akafikiri: kuna mgonjwa anakaa jirani. Akafikiri mambo mengi, na yote yalikaa mbali, kona ya nyuma, vioo wazi.

Akachukua kipima mionzi cha mkononi, kile kinacholia tik, akatoka nje.

Getini, kimya. Tik moja, ya kujikohoza tu. Penye mapipa ya takataka, kimya. Penye mitungi ya Barafu, kimya, na mitungi ikamtazama kwa uchungu wa soksi. Akauzunguka ukuta. Tik. Tik tik. Akapunguza mwendo. Jua lilikuwa kichwani mwa ukuta, na kivuli kilikuwa kimeanza kumwagika chini. Tik tik tik tik. Akalikaribia dirisha la chumba chake mwenyewe kwa upande wa nje, upande ambao hakuwahi kuutazama, na kipima kikaanza kulia kama mvua inavyoanza juu ya bati.

Chini ya dirisha, gari. Ndani ya gari, kofia.

Kwanza alikasirika. Wamemwekea baba yangu kitu garini! Nani? Akaenda moja kwa moja kwenye buti, akakishikilia kipima pale. Mvua ikapungua. Akaenda kwenye boneti. Ikapungua. Akainama kwenye matairi, moja moja, akililaumu kila moja kabla ya kulipima. Hayakuwa na neno. Akasimama, akageuka, akakielekeza kipima mahali pekee palipokuwa pamebaki, mlango wa dereva, na mvua ikashuka yote, bila nafasi kati ya tone na tone.

Kofia ikasogea. Jicho la Refa likatokea chini yake, likakitazama kipima, likamtazama binti. Kiganja kikatoka dirishani, kikasimama wima, kama alivyopanga ukuta wa wachezaji kwenye mpira wa adhabu.

"Hapo hapo. Ukuta usisogee."

Alisimama hapo hapo. Mdomo wake uliuliza swali, lakini alilosikia likitoka lilikuwa jingine kabisa. Aliuliza semina ilikuwaje.

Refa akafikiri. Semina ilikuwa nzuri, akasema, mjumbe alikuwa mmoja tu, amelala chali, ana sindano mkononi. Chakula kizuri. Hotuba fupi. Wauguzi walikuwa wanamsemesha kutoka mlangoni kama mtu mwenye deni nao.

"Baba, kwa nini unanikimbia?"

"Daktari alisema nikae mbali na watoto."

"Mimi si mtoto."

"Nilimwuliza hilo. Nikamwambia, daktari, mtoto ni mpaka umri gani? Akacheka. Hakujibu." Refa akairudisha kofia sawa, kwa vidole viwili, kama alivyofanya uwanjani kabla ya kutoa hukumu nzito. "Sasa mwanangu, refa asipopewa jibu, anaamua mwenyewe."

Mpimaji akaanza kucheka. Kicheko kilianza vizuri, kikafika katikati kikavunjika, na vipande vyake havikujua viwe nini. Yeye! Yeye anayeshinda siku nzima pua na pua na vitu vya namna hiyo, anayekula mkate hatua chache kutoka penye mashine inayovizalisha, ndiye aliyekuwa anafukuzwa kwenye kochi. Alikuwa amepima kila kitu katika jengo lile isipokuwa umbali huu, na umbali huu ndio uliokuwa na maana, na maana yake ilikuwa kinyume chake. Aliyedhani anasukumwa, kumbe alikuwa anakingwa. Aliyedhani baba amekasirika, kumbe baba ni mgonjwa. Na katika hayo mawili, ni aibu kusema, kwa dakika nzima hakujua lipi angelichagua.

Jina la ugonjwa halikutajwa. Yeye alikuwa ameshalisoma, na baba yake aliona usoni kwamba ameshalisoma, wakaliacha lipite kati yao kama wanavyolipisha gari pana kwenye njia nyembamba, kila mmoja akibana upande wake.

Kisha alimwambia habari za mnara. Kwamba siku zote hizi ameonekana. Kwamba kila alipoegesha pale na kulala, mwale wake umepita kwenye mlango wa gari, umepita dirishani, umeingia kwenye fuwele, umekaa kwenye skrini mbele ya watu wazima wenye shahada, na watu hao walitaka kumtangaza kuwa dhahabu.

Refa alikaa wima. Swali lake la kwanza lilikuwa kama amemharibia kazi. Alipoambiwa hapana, kwamba dhahabu halisi huja na beta na kwa hiyo imesalimika, uso wake ulifunguka wote. Nimeonekana? Kupita ukuta? Akataka kujiona. Hapo hapo, hakuna kungoja.

Basi Mpimaji akarudi ndani, akaigeuza skrini ikatazama dirishani, na Refa akashuka garini, akasimama nje ya kioo, mikono nyuma, akajitazama. Nyuma ya kioo binti yake alimwonyesha kwa kidole: huu hapa, huu mwembamba, ndiye wewe. Na hii mingine, ya siku za nyuma.

"Nilikuwa mrefu zaidi," alisema Refa, na sauti yake ilipita kwenye kioo ikiwa imepungua.

Desimali aliambiwa kwamba ni gari lililoegeshwa nje. Akauliza gari gani. La zamani, akaambiwa. Akafungua mdomo aombe nukta zaidi, akautazama uso wa Mpimaji, akaufunga. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliridhika na jibu lisilo na desimali. Barafu alitoa ndoo kuukuu, akaiweka chini ya dirisha pasiegeshwe gari. Kisha alizungumza, baada ya siku nyingi, akasema anadai radhi kwa niaba ya soksi. Akaombwa radhi. Soksi zikaombwa radhi, kwa majina, ya kushoto na ya kulia.

Na dhahabu ikapimika. Nusu yake hugeuka kwa muda unaotosha kufunga kamba za viatu, kama huna haraka. Kipimo kilitoka safi, Desimali akavaa tena viatu vyake vipya, na mashine kubwa ikazimwa kwa ajili ya kundi linalofuata. Ule ungurumo ulipokoma, jengo likawa na ukimya wa nyumba ambayo wageni wameondoka.

Mpimaji hakuizima fuwele. Aliiondoa ndoo ya Barafu chini ya dirisha, akampigia baba yake simu akamwambia aegeshe palepale pa zamani. Refa hakuuliza sababu. Alikuja, akalala. Naye binti yake akakaa ndani, anamtazama anavyojengeka kwenye skrini, mwale baada ya mwale. Huu sasa. Huu tena. Halafu hakuna. Halafu miwili kwa pamoja, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Mnara ulikuwa mfupi sana. Kesho yake ulikuwa mfupi zaidi.

Afurahi? Hakujua. Ukipungua, maana yake dawa inakwisha. Dawa ikiisha, maana yake imefanya kazi, au imekwisha tu. Fuwele ilijua kwa usahihi wa ajabu ni beta ngapi zimetupwa ndani ya mwili ule uliolala na kofia. Haikujua zilimkuta nani huko zilikokwenda. Madaktari walikuwa wamesema kuna dozi nyingine, kisha picha, kisha wataona. Wataona! Neno gani hilo, kwa mtu anayetaka nukta? Aliutazama mnara unazama, akatamani uzame upesi ili baba yake arudi naye kwenye kochi. Akatamani usizame kabisa, ubaki unawaka kule ndani, unatema, unatema, mpaka kila kitu kibaya kiishe. Matamanio mawili, kiwanja kimoja. Nusu yake ilitaka hivi, nusu yake ilitaka vile. Ipi na ipi, usimwulize.

Akazima. Fuwele iliachwa ipate joto kidogo kidogo, Barafu akaipigapiga ubavuni kama farasi, na Mpimaji akatoka nje akaenda kwenye mlango wa nyuma wa gari, kwa mazoea.

Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Refa alikuwa ameinama kwenye kiti cha abiria, anahangaika na kitasa cha mbele, kile kigumu. Daktari kanipigia, akasema. Kasema tayari, hata watoto.

Kabla ya kuwasha, alishika usukani kwa mikono yote miwili akauliza jambo, huku anatazama mbele, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Hiyo mashine ya huko mbali. Ni kubwa zaidi?"

"Kubwa zaidi, Baba."

"Inaweza kuniona kutoka huko?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jepesi, lilikuwa la uhakika, lingeweza kuandikwa kwa nukta nyingi kadiri Desimali anavyopenda. Alilitafuta mdomoni akakuta limegeuka kitu kingine.

"Sijui," alisema.

"Basi itabidi upige simu," alisema Refa, akalikohoza gari likawaka.

Kiti cha mbele kilikuwa hakijakaliwa siku zote zile, na kwa vioo vile vilivyokuwa wazi kilikuwa kimejaa vumbi, jembamba, sawasawa, bila alama ya mtu. Hakulifuta. Aliketi juu yake kama lilivyo, kwa uzito wake wote, bega likagusana na bega, na vumbi likaruka likajaa gari zima, likaingia kwenye jua la alasiri lililokuwa linapita kioo hadi kioo. Likapanda. Likageuka. Likasahau. Kisha likaanza kushuka, chembe kwa chembe, juu ya kofia, juu ya magoti, juu ya mkono uliokuwa kwenye gia na mkono uliokuwa juu ya mkono huo. Nusu kwake, nusu kwa baba yake. Ipi na ipi, hakuuliza.